Hamburg hawana "pole na kazi"

Siku yangu ya kwanza kutoka zamu kwenye nyumba ya wazee hapa Hamburg, nilikaa kwenye basi kando ya jirani yangu wa jengoni, mama mtu mzima ambaye tunasalimiana kila tukipishana ngazini. Miguu ilikuwa inawaka moto, mikono inanuka sabuni ya hospitali. Nikajikuta nasubiri kitu. Vilipita vituo viwili ndipo nikajua nasubiri nini: nilitaka aniambie pole na kazi. Tanga angeniambia hata muuza karanga asiyenijua. Yule mama alinitabasamia akarudi kwenye dirisha lake.

Wajerumani wana lao, Feierabend. Ni ile saa kazi inapokwisha pamoja na jioni yote inayofuata. Ukiwa unavua sare, kila anayepita anakutakia Feierabend njema. Mwanzoni niliona ni salamu tu kama nyingine. Siku hizi naona taifa zima limelijenga neno hilo kama ukuta wa matofali: huku kuna kazi, kule kuna mimi, na mlango unafungwa saa nane na nusu mchana.

Mimi nimetoka mahali pasipo na mlango. Dar nilifanya miaka minne kwa wakala wa forodha, kazi ya kutoa mizigo bandarini. Tulikuwa na grupu la ofisi kwenye WhatsApp, na bosi alikuwa na kawaida ya kuandika saa nne usiku: "Lile kontena limefikia wapi?" Ofisi zinazohusika zimefungwa, hakuna binadamu anayeweza kulisogeza kontena kabla ya asubuhi, na bosi anajua hivyo. Lakini ndani ya dakika mbili watu saba tumejibu, "Nafuatilia bosi." Kufuatilia kwenyewe ni kulala umekunja uso.

Nikiwasimulia nyumbani jinsi mambo yalivyo huku, jibu ni lile lile: kwa wenzetu kuna sheria. Jioni moja nikazifungua sheria zote mbili nizisome. Ya Ujerumani inadai saa 11 za mapumziko kati ya zamu na zamu, tena kwenye hospitali na nyumba za wazee inaruhusu kukata saa 1 mradi ifidiwe baadaye. Yetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inadai saa 12. Tumewapita! Likizo ya mwaka kwao si chini ya siku 24 za kazi kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, yaani wiki nne. Yetu ni siku 28 mfululizo, wiki nne zile zile. Ukiugua huku, mwajiri analipa mshahara kamili hadi wiki sita, kisha bima inachukua kwa kiwango cha chini. Kwetu ni siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Najua muuza mitumba wa soko la Karume haimhusu hata mstari mmoja wa hayo, na watu wa namna yake ndio wengi. Ila mimi nilikuwa na mkataba na muhuri, na sikuwahi kumsikia mtu pale ofisini akizitaja zile saa 12. Hata mimi sikuzijua. Nimezijulia Hamburg.

Kwa hiyo kinachotutofautisha hakipo kwenye karatasi. Nilikiona mwaka wangu wa tatu huku. Zamu ya asubuhi ilikuwa imekwisha, nami bado nimeinama kwenye tableti naandika mzee wa chumba cha mwisho amekunywa maji kiasi gani. Kiongozi wetu wa zamu, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuja akaichukua tableti mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. "Wa mchana wamefika. Nenda nyumbani." Nikanuna. Dar kubaki baada ya saa za kazi ndiko kulikonipatia jina zuri, na hapa naonekana kama nimekamatwa naiba. Wiki nzima baadaye ndipo akanieleza: ukibaki kila siku dakika 40 za bure, ofisi ya juu inaona kazi inakwisha, na haitaajiri mtu mwingine. Unawaficha upungufu wao. Hilo sikuwahi kulifikiria, kwamba bidii yangu inaweza kuwa blanketi la kufunikia kosa la mtu mwingine.

Sasa msinielewe kwamba nilipona kwa maneno hayo. Niliacha kubaki baada ya zamu, nikaanza kuuza siku zangu za kupumzika. Simu ikiita asubuhi kwamba fulani anaumwa, nani atakuja kuziba, mimi ndiye wa kwanza kusema naja. Jioni mbili kwa wiki nikaongeza kibarua cha usafi. Nyumba ya mama Tanga ilikuwa imefika kwenye lenta, na kila zamu ya ziada niliiona kama bati. Zamu hii bati kadhaa, ile ada ya mpwa wangu. Sheria ya Ujerumani inanilinda dhidi ya mwajiri wangu, lakini haina kifungu dhidi ya kaka yangu.

Usingizi ukakata. Nalala saa nne, saa nane usiku nimeamka, moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa. Daktari aliniuliza nafanya kazi saa ngapi kwa wiki. Tukahesabu, zikafika 56. Akaniambia Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa takwimu mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 na kuendelea kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Akaniandikia wiki mbili za kukaa nyumbani.

Nikampigia mama.

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapana mama, ni mawazo."

"Mawazo ya nini tena mwanangu, si una kazi?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwetu mawazo ni ya asiye na kazi. Kazi ndiyo dawa yake, sasa utaanzaje kumweleza mtu kwamba umeugua kwa dawa?

Na hizo wiki mbili ndizo zilizonionyesha upande wa pili wa ule ukuta. Hakuna aliyebisha hodi. Wenzangu wa kazini hawakupiga, kwa heshima, maana mgonjwa hasumbuliwi na mambo ya kazi. Ilikuwa Novemba, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, nakaa nasikiliza friji inavyounguruma. Tanga siku ya pili ningekuwa na shangazi kitandani, jirani na chupa ya uji, na mtu wa tatu asiyejua hata naumwa nini ananiambia hadithi ya mtu mwingine aliyeumwa zaidi. Ningechoka nao, lakini nisingebaki na yale mawazo peke yangu. Nikikumbuka Dar, nadhani kilichotuweka wazima miaka ile minne, pamoja na bosi wa saa nne usiku, ni chai ya saa nne asubuhi. Mama wa vitumbua pale getini alijua kontena la nani limekwama. Tulikuwa tunamwigiza bosi, tunacheka mpaka chai inamwagika, halafu tunarudi juu. Hapa mapumziko yangu ni dakika 30 za sheria, kila mtu na kikopo chake cha chakula na simu yake.

Niliporudi kazini nilijiwekea masharti mawili. Kuziba pengo la mtu ni mara moja tu kwa mwezi, na kile kibarua cha usafi nimekiacha; bati zitasubiri, mvua za Tanga hazizuiliwi na mshahara wangu. La pili nililiandika kwenye grupu la familia: Jumapili sizungumzi habari ya hela wala saruji, nizungumzisheni mambo mengine. Kimya kilikuwa kirefu. Shemeji akaweka kidole gumba.

Mama amelishika vizuri. Jumapili ananipigia kuniuliza nimepika nini, na kunilaumu kwamba samaki wa huku hawana ladha kana kwamba mimi ndiye ninayewavua. Kaka naye ametii, kwa namna yake: ujumbe wake wa saruji huingia Jumamosi saa tano na dakika hamsini usiku.