Kibanda cha gemu Kirumba
Nimesoma makala inayosema gemu zinawaharibu watoto. Mimi nimekulia Kirumba, Mwanza, na nakumbuka tofauti. Nikishamsaidia mama kuanua dagaa mwaloni, nilikimbilia kibandani na sarafu ya mia mbili mkononi. PlayStation 2, pedi ya kuchezea imechakaa hadi mpira wa kidole gumba umebanduka, na PES 6, gemu ya mpira wa miguu ya mwaka 2006: kila mtu anagombania timu ya Inter ili apate mshambuliaji Adriano, maana nguvu ya shuti lake ilikuwa 99! Umeme ukikatika tulibaki gizani tukibishana nani angeshinda. Wenzangu wa pale ndio walionibebea jeneza la baba. Mwanangu anacheza peke yake kwenye simu, kwa hiyo siku hizi jioni nakaa naye, tunapokezana.