Dola 130 za Superman: hasira iliyokosea tarehe

Kila inapotajwa hundi ya Machi 1, 1938, wapenzi wa katuni hutikisa vichwa. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland wenye miaka 23 waliombuni Superman, waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Hundi yenyewe ilipigwa mnada mwaka 2012 ikapata dola 160,000. Basi, hukumu imeshatoka: waliibiwa.

Naona mchapishaji anasingiziwa kwa kosa moja, huku lile kubwa zaidi likipita bila kuulizwa.

Tutazame hiyo bei. Hadithi ya kwanza ya Superman, ndani ya jarida la katuni la Action Comics namba 1, ilikuwa na kurasa 13. Dola kumi kwa ukurasa. Mwaka huohuo sheria mpya ya Marekani iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa senti 25 kwa saa, kwa hiyo dola 130 ni saa 520 za kibarua, karibu wiki 12. Wagawane wawili, kila mmoja anabaki na wiki sita hivi. Si utajiri, lakini si hela ya peremende pia, hasa wakati ule wa mdororo wa uchumi. Tena hundi ile ilikuwa ya dola 412. Zilizobaki zililipia kazi zao nyingine kwa wachapishaji haohao, na jarida la Detective Comics peke yake lilichukua 210. Yaani siku ile Superman hakuwa hata kazi yao iliyowaingizia pesa nyingi zaidi!

Nani angejua? Kampuni zilizouzia magazeti katuni zilikuwa zimemkataa kwa miaka. Mchapishaji mwenyewe, Harry Donenfeld, hakumwamini: baada ya jalada la toleo la kwanza, lile la Superman akiinua gari hewani, Superman hakurudi kwenye jalada hadi toleo la saba. Na ndani ya toleo lilelile walikuwamo Zatara mwanamazingaombwe, Pep Morgan mwanamichezo na Chuck Dawson wa farasi na bastola. Chuck Dawson nani anamkumbuka leo? Naye alinunuliwa. Mwenye kununua trei zima la mayai hulipa hata yale viza, na jogoo akipatikana, ni wake.

Wapinzani wana jibu, na si jepesi. Wanasema hasara ya mchapishaji ilikuwa na mwisho, lakini faida yake haikuwa nao. Superman aliingia redioni mwaka 1940, sinema za katuni mwaka 1941, na fungu la waliombuni kwenye mapato hayo lilikuwa dogo. Ni kweli. Ila hao wanaolalamikia mkataba husahau kwamba kwa takriban miaka kumi iliyofuata vijana wale waliendelea kupewa kazi ya Superman na kulipwa vizuri. Mkataba mbaya, nakubali. Wizi, hapana.

Kilichonikera mimi kimetokea baadaye. Mwaka 1947 walikwenda mahakamani kudai haki zao, na mwaka 1948 shauri likaisha kwa mapatano: wakapewa kiasi cha fedha, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi. Kwa karibu miaka 27 mtoto aliyenunua katuni ya Superman hakuambiwa nani aliyemwaza. Hakuna hesabu ya senti 25 kwa saa itakayotetea hilo. Kuacha jina kwenye ukurasa hakukuwa na gharama yoyote, hata wino wake ulikuwa umeshazoeleka.

Mwaka 1975, filamu kubwa ikiwa njiani na wachoraji wenzao wakipiga kelele hadharani, kampuni ilikubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina. Wakati huo Shuster, aliyeichora ile gari hewani, alikuwa karibu kipofu.