Maiki Ilimsikia Keateka

Wale watu husema kwa intaneti ati ukitaka kurekodi nyumbani nunua kondensa, ile aina ya maiki inasikia hata vitu vidogo, naona hawajawahi kuishi Pipeline hapa Nairobi. Kondensa ni maiki ya watu wako na miti nje ya dirisha. Huku kwetu ploti zimebanana hadi jirani wa ng'ambo akikaanga kitunguu ni wewe unakohoa, na hiyo maiki haichagui, inabeba kila kitu, kuanzia makanga huko stage hadi yule jamaa wa kununua chuma kuukuu.

Sasa mimi nilikuwa nimepata kakazi ka kusoma kitabu cha kusikiliza. Mteja akasema kelele ya chumba nikiwa nimenyamaza isipite -60 dB (desibeli, kipimo cha sauti). Kitabu ni cha hadithi za watoto lakini masharti ni ya tenda ya serikali. Nikaazima dainamiki ya kwaya, ile aina ya maiki haisikii sana vitu vya mbali, Shure SM58, ile modeli ilitoka 1966 na bado inauzwa, hiyo ya kwetu imeshikwa na kila mwimbaji hadi wavu inanuka lipustiki. Halafu nikashuka Luthuli, ile mtaa ya vifaa vya elektroniki tao, nikanunua kondensa ya mtumba 9,500 baada ya kuvutana na muuzaji weee. Nitajaribu zote, itakayoshindwa itaenda.

Na kujaribu maiki iko na utaratibu wake, si kusema "helo helo" tu. Kondensa inataka umeme wa 48V kutoka kwa intafesi, kale kaboksi ka kuunganisha maiki na laptopu, bila hiyo ni chuma tupu, na hizi kubwa kubwa unaziongelesha ubavuni, si kwa kichwa. Pia lazima usawazishe sauti za zote mbili kabla ya kulinganisha, juu kondensa hutoka na nguvu zaidi na sikio la binadamu ni rahisi kuhonga, yenye iko juu kidogo ndio litasema ni tamu.

Nikaegemeza godoro kwa mlango, nikavaa hedifoni zile za kufunika sikio lote, nikakaa kwa kitanda dirisha likiwa nyuma yangu. Shika hapo kwa dirisha. Maiki ya kadioidi husikia mbele na kupuuza mgongo wake, so ilikuwa inaniangalia mimi, na nyuma yangu inaangalia dirisha, na hilo dirisha kioo kimoja kilivunjika kitambo nikaziba na katoni. Nyumba yangu iko chini kabisa. Nje ya hiyo katoni ndio kuna valvu ya maji ya ploti.

Nikaanza na kondensa, nikarekodi kimya kwanza, hata mate sikumeza. Mistari ikaruka ruka kidogo kwa skrini, nikasema hiyo ni friji ya mtu. Ili usikie kelele ndogo hivyo lazima uipandishe, so kwa Audacity, ile programu ya kurekodi, nikaongeza 30 dB, nikabonyeza nisikilize. Zii. Nikaongeza tena, nikafungua sauti ya laptopu hadi mwisho. Zii. Mistari inacheza vizuri lakini hedifoni hakuna kitu, nikaanza kulaani yule muuzaji wa Luthuli na ukoo wake wote. Nikaiacha ijirudie yenyewe huku nachomoa kebo hapa nachomeka pale.

Kumbe wikendi nilikuwa nimesaidia mama wa namba sita kucheza muziki kwa basdei ya mtoto wake, laptopu yangu, wufa yake, yaani spika kubwa. Na hio asubuhi alikuwa ametoa wufa nje pale pa kufulia ndio asikize injili, na alipoiwasha tu Bluetooth ikanikumbuka mimi kabla ikumbuke simu yake.

Umeona sasa. Ploti nzima iko nje inafua na maji ya kununua, wufa ikakoroma, halafu sauti ya keateka, yule mwangalizi wa ploti, ikatoka imepandishwa hadi mabeseni yanatetemeka: "Valvu nimefunga. Nitawaambia maji haijakuja. Wewe leta mkokoteni, mtungi uza 50, yangu ni ile 10 ya kawaida." Ikatulia. "Namba sita wekea mitano, huyo anaoga ni kama kuna cheti." Halafu ya mwisho, hii hadi leo inaniuma: "Wa namba mbili achana naye, anajifungianga kwa nyumba anaongea peke yake, nafikiri kichwa si sawa."

Namba mbili ni mimi. Na ilikuwa inarudia.

Godoro likasukumwa likaniangukia. Kutoka chini yake naona miguu na povu, na mama wa namba sita na ndoo tupu. "Kijana, irudishe hapo pa cheti."

"Mathe, irudishe nini?"

Keateka aliletwa na shati limekunjwa kwa kola. Akasema hiyo si sauti yake, hiyo ni AI, siku hizi wanatengeneza hata rais akiongea mambo hajasema. Na wacha niseme ukweli, alikuwa karibu kushinda hio kesi, wazee wengine walikuwa wameanza kutingisha kichwa wakikubali, lakini jamaa wa mkokoteni akaingia geti saa hio hio na mitungi, hajui hili wala lile, akaita kwa nguvu: "Chifu! Namba sita ni mitano bado?"

Valvu ilifunguliwa bila funguo kutafutwa.

Kazi nilifanya na SM58 ya kwaya, mdomo ukiwa vidole vinne hivi kutoka kwa wavu, karibu hivyo besi inapanda sauti inakuwa nene, na geini, yaani nguvu ya kupokea sauti, ikiwa chini mambo ya nje inapotelea huko. Mteja hakulalamika.

Usiku keateka akabisha, polepole. "Bosi." Hajawahi niita bosi. "Hio maiki ya hizo maneno, unauza?"

Nikamwambia 15,000. Hakubageini. Akatuma M-Pesa akiwa hapo mlangoni, akaifunga kwa gazeti raundi kadhaa, nikamuuliza kama anataka na kebo akasema hapana, hizo kaa nazo.

"So maneno yangu yote iko humu ndani?"

"Yote."

"Hakuna imebaki?"

Nikafunika laptopu. "Mzee wangu, imebaki nini sasa, si umeibeba?"