Kimeng'enya hakitakula nyavu zetu

Habari za bakteria wanaokula plastiki zimezua maneno ya aina mbili hapa Unguja. Wengine wanangoja dawa ya kunyunyiza jaa la Kibele liyeyuke. Wengine wanaogopa vijidudu hivyo vikitoroka vitamaliza nyavu na mabomba ya maji. Wote wanazungumzia kitu ambacho hakipo, na kilichopo hakijapata wa kukisemea.

Bakteria aliyetangazwa mwaka 2016, Ideonella sakaiensis, alipatikana kwenye kituo cha kuchakata chupa huko Sakai, Japani. Chakula chake ni PET, plastiki ya chupa za maji, na kipande chembamba tu kilimchukua wiki sita. Wanaosema huo ni mwendo wa konokono wana haki.

Lakini mwaka 2020 watafiti wa Toulouse pamoja na kampuni ya Carbios ya Ufaransa walichukua kimeng'enya, yaani protini ambayo vijidudu hutumia kuvunjavunja chakula, chenye asili ya mboji ya majani, wakakirekebisha, kikavunja asilimia 90 ya PET iliyosagwa kwa saa 10, katika nyuzi joto 72. Hiyo 72 ndiyo inayorukwa na wasimuliaji. Karibu na joto hilo PET hulegea, kimeng'enya kikapata pa kushika. Bahari yetu haifiki hata nusu yake. Tena kimeng'enya si kiumbe: hakizaani wala hakitoroki, kinafanya kazi ndani ya tangi la kiwanda. Nyavu za nailoni na mabomba ya PVC si riziki yake.

Kinachonivutia zaidi ni kinachobaki tangini. Chupa iliyoyeyushwa kwa njia ya kawaida hupungua ubora, na ya kijani haiwi tena nyeupe. Kimeng'enya huirudisha kwenye malighafi zake za mwanzo, zikasafishwa, ikatengenezwa chupa mpya isiyo na rangi. Maana yake chupa ya kijani, ambayo leo haina bei ya maana, inaweza kumlipa mwokotaji sawa na ile nyeupe. Hata shati la mtumba la poliesta lililokosa mnunuzi Darajani ni PET ileile.

Gharama zipo, na si ndogo. Kusaga na kupasha joto kunataka umeme, nao wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Asidi inayotoka lazima iondolewe ukali kwa kemikali. Kiwanda cha namna hiyo kinataka maelfu ya tani kila mwaka, kwa hiyo sioni kikijengwa Fumba. Chupa zetu zingefungwa marobota zivuke. Kamba za mwani na mabaki ya mifuko iliyopigwa marufuku tangu 2006 ni plastiki za jamii nyingine, kimeng'enya hiki hakizigusi.

Hata chupa moja ina mchanganyiko. Ipindue, chini utaona namba 1 ndani ya pembetatu, ndiyo PET. Kizibo chake siyo. Ndiyo maana wakusanyaji wa Chake Chake na Mjini wangeanza sasa kutenga vizibo na kupokea chupa za rangi, kabla mnunuzi wa chupa za kulisha tangi hilo hajafika Dar es Salaam.