Kamera Iliyojua Saa za Kiswahili

Tangu kuku wetu waanze kutoweka usiku hapa Bagira, mtaa wa mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, Baba alikuwa hapati usingizi, na ndiyo maana alipoambiwa kuwa siku hizi Bukavu inauza kamera inayopiga king'ora ikimwona mtu akitembea uani, hakubishania bei. Fundi aliifunga juu ya mlango asubuhi ya Jumamosi ile ile tuliyokuwa tukiwangoja wakwe, akaiunganisha na ruta, akaipangia zamu ya usiku, 23:00 hadi 05:00. Alikuwa na maneno mengi. Alituambia kuwa tangu mwaka 1990 Mmarekani John Romkey alikwisha kuwasha kibaniko cha mkate kwa intaneti. Baba akauliza mkate wenyewe uliingizwa na nani, na fundi akakiri kuwa uliingizwa na mtu.

Wakwe walifika alasiri na mbuzi wao, wakapewa viti uani. Msemaji wao, mzee wa heshima, alisimama kofia mkononi na kuanza: "Papa, tumeona ua zuri katika boma lenu..." Hapo ndipo ilipogonga saa kumi na moja ya jioni, king'ora kikalia, taa ikamulika, na sauti ya mwanamke ikatoa onyo kwa Kichina. Mzee aliketi palipokuwa hapana kiti.

Nilimpigia fundi. Alisema kamera huudhiwa na anayetikisika, kwa hiyo tusimame tuli nayo itanyamaza. Tukasimama. Shangazi alibaki ameinua sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakwe wakaganda kama wanaopigwa picha ya pasipoti, na kweli kukawa kimya, mpaka mbuzi alipoona majani ya migomba upande wa pili wa ua. Kila alipopiga hatua, yule mwanamke alianza upya na Kichina chake.

Umeme ukakatika, tukashangilia bila kutikisika. Furaha haikudumu, kwani kamera na ruta zilikuwa na betri, ambayo Baba aliilipia zaidi akiamini wezi hupenda giza.

Kuizima kwa simu hakukuwezekana, kwa sababu kamera ilikuwa imekula mega zote za ruta kwa kutuma picha za kuku mchana kutwa, na amri ya kuizima hairuki moja kwa moja kutoka simu hadi ukutani. Bwana arusi ndiye aliyetuokoa: akiwa amesimama wima, macho mbele, alitikisa kidole gumba peke yake juu ya simu yake, akanunua giga moja na kuituma kwenye namba ya ruta. Amri yangu ikasafiri hadi seva ya nchi za mbali, ikarudi Bagira, na king'ora kikazimika.

Baadaye fundi alieleza kwamba kamera ilikuwa bado inafuata saa ya Beijing, ambayo China nzima huitumia na ambayo imetutangulia kwa saa sita. Ilipofika 23:00 kwao, huku kwetu ilikuwa 17:00. Baba alihesabu kwa vidole, akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Kumi na moja hadi tano," alisema. "Umeiandikia saa za Kizungu, yenyewe imesoma saa za Kiswahili. Wewe ndiwe uliyekosea, mwanangu."

Fundi alijaribu kumweleza kuwa ni bahati tu, na kwamba huko Kinshasa, wanaofuata saa moja nyuma yetu, hesabu hiyo isingekubali. Baba akamjibu kuwa Kinshasa wanasema Kilingala, kamera ingejuaje?

Mazungumzo ya mahari yaliendelea hadi usiku. Wakwe waliomba wapunguziwe ng'ombe mmoja kwa ajili ya hofu waliyopata, wazee wetu wakakataa kwa kuwa hata sisi tuliogopa. Mwishowe Baba mdogo alifungua daftari na kuandika vilivyopokelewa: mbuzi, vitenge, sukari, na chini kabisa, baada ya mabishano marefu, giga moja.