Upinde wa Pili wa Selo

Kwa msikilizaji wa Lindi au Mtwara aliyeijua selo, ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, kupitia taarabu, ambamo huvuma kwa sauti nzito chini ya fidla, majaribio ya kutafuta sauti mpya ya wapigaji kama Frances-Marie Uitti wa Marekani yanaweza kuonekana kama kuidhalilisha ala. Lawama hizo zina uzito. Sauti safi hupatikana kwa miaka ya mazoezi, na kijana anayekimbilia mikwaruzo kabla vidole havijatulia anaweza kuficha udhaifu wake kwa kisingizio cha ubunifu. Tena ala yenyewe ni ghali, na unyevu wa pwani hauihurumii mbao iliyounganishwa kwa gundi.

Hata hivyo, alichokifanya Uitti katika miaka ya 1970 kinastahili kutazamwa kwa karibu. Nyuzi nne za selo hupita juu ya kipande cha mti kilichopinda, kwa hiyo kwa kawaida upinde mmoja hushikilia sauti ya nyuzi mbili tu zilizo jirani. Yeye alishika pinde mbili kwa mkono mmoja wa kulia, mmoja ukapita juu na kugusa nyuzi za kati, mwingine ukapita chini na kugusa za pembeni, na nyuzi zote nne zikalia pamoja bila kukatika. Mtu hafiki hapo bila kulijua vyema umbo la ala, wala bila mazoezi yale yale ambayo wakosoaji wanadai yamerukwa.

Wanaoitetea selo ya zamani husahau kwamba mtunzi Mjerumani Bach mwenyewe, katika karne ya 18, aliagiza uzi wa juu ulegezwe katika swiiti yake ya tano ya selo, yaani mfululizo wa vipande vya muziki. Mtunzi Mhungaria Kodály akalegeza nyuzi mbili za chini mwaka 1915, na mtunzi Mgiriki Xenakis, mwaka 1966, akaushusha uzi mzito kwa oktavu nzima, yaani ngazi kamili ya sauti. Sioni ni wapi kati ya hao pangewekwa mpaka. Mtunzi Mjerumani Lachenmann, ambaye katika kazi yake ya selo ya mwaka 1969 anaandika mwendo wa mikono badala ya noti, ni mgumu zaidi, na anayesubiri wimbo hataupata.

Lakini mpiga ngoma wa sindimba huipasha ngozi motoni mpaka sauti ikae, na wachezaji hutambua papo hapo kiganja kilichotua katikati na kilichotua ukingoni. Sikio la namna hiyo linaweza kabisa kufuata upinde unaosogezwa taratibu kutoka katikati ya uzi hadi karibu na kile kipande cha mti, ambako sauti hukonda na kuwa kali. Ningependa walimu wetu wa muziki waanzie hapo, huku mazoezi ya sauti safi yakiendelea sambamba.