Shangingi Halipokei Mgeni

Haipiti wiki bila kupata ujumbe wa namna hii: "Dada, bosi wetu anashuka Dar Alhamisi, tutafutie V8 nyeusi ya kumpokea." Nikiuliza ndege inatua saa ngapi na mgeni anafikia wapi, najibiwa kwamba hayo nitaletewa baadaye. Gari kwanza. Nimepanga mapokezi ya wageni wenye uwezo wao kwa miaka mingi kiasi kwamba siku hizi nimekuwa mkaidi: mambo ya gari nayaongea mwisho.

Sisemi gari si kitu. Mtu aliyelala kitanda kizima angani huwezi kumpakia kwenye gari linalonuka petroli. Lakini mashangingi, yaani hizo Land Cruiser V8, na Alphard, zile van za kifahari, mjini hapa zimejaa. Ukiwa na hela asubuhi, mchana unalo. Mtu wa kusimama mlangoni pa Jengo la Tatu pale Julius Nyerere saa nane usiku, akiwa hajasinzia, anajua ndege imetua na mgeni wake bado yuko kwenye foleni ya visa, huyo ndiye adimu. Na huyo ndiye unayemlipia, hata kama risiti imeandikwa jina la gari.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Ndege nyingi za kutoka mbali hushuka Dar usiku, na usiku wa Kiswahili una mambo yake. Kuna mume na mke walikuwa wanatua tarehe 14, saa saba na nusu usiku. Nikaiandikia kampuni moja hivyo hivyo: "tarehe 14, saa saba na nusu usiku." Mimi nilikuwa nimeshika tiketi iliyoandikwa 14, 01:30. Aliyepokea ujumbe akausoma kama mtu yeyote wa hapa angeusoma: tarehe 14 inapambazuka, watu wanashinda kazini, jua linazama, wanakula, wanalala, halafu ndipo saa saba na nusu inafika. Wageni wakatoka nje na mabegi yao, wakatafuta kibao chenye jina lao, hakipo. Nilipompigia dereva alikuwa Mbagala, sauti ya usingizi: "Dada, si kesho?" Walikaa juu ya masanduku yao karibu saa nzima. Mama wa watu hakugomba. Alinitazama tu kesho yake wakati wa kifungua kinywa, na nilitamani angegomba.

Toka siku hiyo naandika "usiku wa kuamkia Jumanne", na sipumui mpaka kampuni inirudishie maneno hayo hayo kwa kuandika. Ikijibu "sawa dada" peke yake, napiga simu.

Tarehe ikishaeleweka, swali langu linalofuata kwa kampuni ni hili: saa ya kusubiri mnaanza kuihesabu lini? Kuna wanaohesabu kuanzia muda ulioandikwa kwenye tiketi, ndege ikichelewa saa mbili mgeni anadaiwa saa mbili ambazo yeye alikuwa hewani. Kuna wanaohesabu kuanzia matairi yanapogusa ardhi na kutoa dakika 60 za bure. Hao ndio watu. Hata hizo 60 huisha upesi kama mgeni hakuomba visa mtandaoni kabla ya safari, maana atasimama foleni alipe dola 50, au 100 akiwa Mmarekani, kisha bado begi halijatoka. Dereva mwenye akili anajua hayo, hapigi simu kila baada ya dakika tano kuuliza "mko wapi".

Halafu mabegi. Jamani, mabegi! V8 ina viti saba au vinane, kwa hiyo mtu anapiga hesabu ya haraka: wageni watano, tunabaki na nafasi. Ukifungua mlango wa nyuma huku viti vya mwisho vimesimama, unakuta pa kuweka kapu la sokoni. Alphard nayo ni hivyo hivyo, wakishasukuma viti nyuma ili wakubwa wanyooshe miguu. Nimeshuhudia mzee wa watu, aliyelipa pesa ya kumtosha kununua bajaji, akiingia mjini na sanduku limemlalia mapajani. Kwa familia yenye mabegi sita mimi naagiza magari mawili, moja la watu na moja la mizigo, hata kama la mizigo ni Noah ya kawaida. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba sanduku lake lilipanda Noah.

Na kama mgeni anaunganisha kwenda mbugani kwa ndege ndogo, yafaa ajue kabla hajafunga safari kwamba ndege hizo kwa kawaida huruhusu kilo 15, tena kwenye begi laini. Sanduku gumu litabaki Dar. Je, kampuni yako ina mahali pa kulitunza na mtu wa kulirudisha siku anayoondoka? Wengi wakiulizwa hilo hunyamaza kidogo, kisha husema "tutaangalia".

Kuna jambo jingine linaloniudhi, nitalisema. Nilikuwa na mgeni kutoka Lubumbashi, mfanyabiashara mwenye makontena yake bandarini, mtu wa kulala hoteli ya ufukweni wiki nzima bila kuuliza bei. Jina lake ni la Kifaransa. Dereva alisimama na kibao, kila Mwafrika anayetoka anampisha, shingo ndefu anatafuta mzungu. Mgeni akamsimamia mbele, akasoma jina lake mwenyewe kwenye kibao, akasema kwa Kiswahili chake cha Katanga kwamba ndiye yeye. Dereva akamwambia asubiri kidogo, anapokea mtu. Ukitaka kujua kampuni imewafunza madereva wake, usitazame tai na soksi. Tazama anamwamkia nani.

Barabara nayo. Usiku wa manane Nyerere Road ni nyeupe, unapanda daraja la juu la Mfugale pale Tazara na kushuka kama unateleza. Jioni ni habari nyingine, na ujenzi wa njia ya mwendokasi umeifanya iwe na tabia zake. Anayekwenda Masaki ana njia zaidi ya moja: kukata Kawawa kupitia Ilala na Magomeni, au kuingia hadi Posta, kushika barabara ya Barack Obama na kuvuka bahari kwa Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022. Ipi bora hutegemea saa na siku. Ramani ya simu inasaidia, ila haitakuambia kwamba kuna mkubwa anatua na barabara itafungwa kupisha msafara. Msafara ukipita, V8 yako na bajaji ya jirani mnasimama pamoja. Anayekuahidi kimulimuli na king'ora ili mgeni wako apite, mkimbie. Vitu hivyo havikuwekwa kwa ajili ya gari la kukodi.

Siku hizi, kabla sijakubali bei, naomba namba ya dereva mwenyewe atakayekwenda, si ya ofisi. Nampigia na kumsikiliza kama naye ataniuliza kitu. Ninayemtumia zaidi sasa ni mtu mzima wa Temeke, gari lake si jipya sana. Mara ya kwanza tu aliniuliza mabegi mangapi, visa tayari au bado, kuna mtoto wa kukalishwa kiti chake. Hufika mapema, huegesha, humimina chai yake kwenye kifuniko cha chupa, kisha hunitumia picha ya kibao kabla ndege haijatua. Mwezi uliopita picha ilikuja na ujumbe chini yake: "Dada, hili jina kwenye tiketi lina r mbili, wewe umeniandikia moja. Nifuate lipi?"

Nikafungua tiketi. Zilikuwa mbili.